Ndoa parokiani Dar es Salaam: karatasi za Kanisa zitangulie, ukumbi usubiri

Wachumba wengi wa hapa Dar hufika ofisi ya parokia wakiwa wamechelewa, na wala si kwa uzembe. Kamati imeshakaa vikao viwili, ukumbi umeshalipiwa nusu, kadi za michango zinazunguka WhatsApp zikiwa na tarehe, halafu ndipo wanakuja kuuliza kama Jumamosi hiyo kanisa lina nafasi. Nafasi huenda ipo. Kinachokosekana ni muda wa kuthibitisha jambo moja ambalo Kanisa Katoliki haliwezi kuliruka: kwamba hawa wawili wako huru kuoana. Karibu kila karatasi utakayoombwa, kila swali la padre na kila tangazo la Jumapili linatafuta jibu la hilo tu.

Kwa hiyo nendeni kwa paroko miezi sita kabla. Mitano inatosha kama nyote wawili mlibatizwa hapa hapa mjini na hamna jambo lolote la kuombea ruhusa. Chini ya mitatu mtakuwa mnakimbizana na karatasi wakati mnapaswa kutulia.

Kabla ya paroko kuna jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaa mmoja wanaosali pamoja. Ofisi itawaomba barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, kwa kawaida ikipitia kwa viongozi wa kanda, na hapo ndipo wapangaji wa Dar wengi hukwama. Mtu amekaa Tabata miaka miwili, akahamia Kimara, sasa yuko Goba, na Misa anasali karibu na kazini kwake Posta. Hakuna mwenyekiti anayemfahamu. Mwenyekiti mwaminifu hawezi kuandika kwamba anamfahamu mtu aliyemwona jana kwa mara ya kwanza. Kama harusi iko mbali bado, anza sasa kwenda jumuiya ya mahali unapolala. Nyingi hukutana Jumamosi asubuhi mapema, kwa muda wa saa moja hivi ya sala na Neno, na kuanzia hapo jina lako linaingia kwenye daftari. Kama ulikuwa hai kwenye jumuiya ya zamani, omba barua ya uhamisho kule, usianze upya kana kwamba umetoka hewani. Kadi ya zaka nayo huangaliwa katika parokia nyingi. Ni dalili mojawapo ya kwamba wewe ni mwanaparokia.

Ndoa inaweza kufungwa parokiani kwa bibi harusi au kwa bwana harusi. Kanuni ya 1115 ya Sheria za Kanisa inataka mmoja wao awe na makazi pale, au awe ameishi pale walau mwezi mmoja. Mkitaka kufungia kwingine, iwe kijijini kwa wazazi au Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Sokoine Drive kwa sababu ya uzuri wake, lazima mpate barua ya ruhusa ya paroko wenu. Muulizeni mapema.

Sasa cheti cha ubatizo. Hiki ndicho kinachochelewesha ndoa kuliko kitu kingine chochote. Watu huleta kile cha utotoni, kilichohifadhiwa vizuri kwenye bahasha ya mama, na hushangaa kukataliwa. Sababu yake iko kwenye Kitabu cha Ubatizo kule ulikobatizwa. Kila mbatizwa ana mstari wake na namba yake, ile inayoandikwa LB (kifupi cha jina la kitabu hicho kwa Kilatini), na pembeni mwa mstari huo pameachwa nafasi. Pale pembeni ndipo huandikwa kipaimara chako, na ndoa kama uliwahi kufunga, au daraja takatifu, au nadhiri za utawa. Cheti cha mwaka 1996 kinaonyesha pembeni palivyokuwa mwaka 1996. Paroko anataka kujua pakoje leo. Ndiyo maana anaomba cheti kipya, kisichozidi miezi sita, na ndiyo maana pia hakuna faida ya kukifuata mwaka mzima kabla, kwa kuwa kitapitwa na muda na mtakirudia.

Mbatizwa wa Rombo, Karagwe au Mbinga asingojee likizo ya Desemba. Mpe ndugu aliye karibu na parokia jina lako kamili kama lilivyoandikwa siku ya ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi wa ubatizo, mwaka, kigango, na namba ya LB kama ipo kwenye cheti cha zamani. Bila namba, mtu wa ofisini atafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, na kama mwaka umekosewa anaweza kukaa siku nzima bila kukuona. Ukipatikana, hakikisheni cheti kina muhuri wa parokia, sahihi, tarehe ya kutolewa, na ile sehemu ya maelezo ya pembeni imejazwa. Ikiachwa tupu paroko wa Dar hana jibu alilolitafuta, na cheti kitarudishwa. Mwombeni ndugu akipige picha awatumie muikague kabla hajakipeleka kwenye basi. Dakika tano hizo zimeokoa safari nyingi.

Halafu majina. Kitabu kinasema Yohane, kitambulisho cha NIDA kinasema John. Hilo ofisi nyingi hulielewa. Tatizo linakuja pale cheti kina jina la babu na kitambulisho kina jina la ukoo, au jina la ubatizo halimo kabisa kwenye kitambulisho. Hapo andaeni hati ya kiapo kwa wakili inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ifanyeni mapema, maana cheti cha ndoa kikishaandikwa jina lisilolingana na kitambulisho, mtasumbuka nalo benki, bima na ubalozini.

Mwingine hana kipaimara. Kanuni ya 1065 inataka Mkatoliki apokee kipaimara kabla ya ndoa ikiwa inawezekana bila shida kubwa. Mwambieni padre siku ya kwanza, ataangalia kama kuna mafundisho ya watu wazima yanayoendelea.

Mkishajisajili, padre atawahoji, na sehemu ya mahojiano hayo kila mmoja ataingia peke yake. Wachumba wengine huumia hapo wakidhani hawaaminiwi. Upweke huo ni ulinzi. Anayelazimishwa na wazazi kwa sababu ya mimba, au anayeogopa, hawezi kusema mbele ya mwenzake. Mtaulizwa kama mnakuja kwa hiari, kama kuna ndoa iliyotangulia ya kanisani, ya kimila au ya bomani, kama mnakubali watoto, kama mna undugu wa damu, kama kuna sharti mmewekeana kwa siri. Jibuni kweli yote. Kuficha kwa makusudi jambo zito linalogusa maisha ya ndoa ili mwenzako akubali kunaweza kuifanya ndoa kuwa batili kwa kanuni ya 1098. Kuishi na virusi vya UKIMWI, kwa mfano, si kizuizi cha ndoa katika sheria za Kanisa. Kumdanganya mwenzako kuhusu afya yako ndilo jambo la hatari. Pimeni wote wawili na majibu muyafahamu wote wawili.

Yako mambo yanayohitaji kibali kutoka kwa Askofu, na kibali kina safari yake: paroko anaandika, barua inaenda ofisi ya Jimbo Kuu, inajibiwa, inarudi. Mkatoliki na Mlutheri, au Mkristo mwingine aliyebatizwa, wanahitaji ruhusa ya ndoa ya mseto. Mlutheri halazimiki kubadili dhehebu. Mkatoliki ndiye anayeahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki, na mwenzake anaarifiwa ahadi hiyo. Pamoja na hayo, lete cheti chake cha ubatizo kutoka usharikani kwake. Mkatoliki na Mwislamu, au mwingine ambaye hajabatizwa, ni suala zito zaidi: hicho ni kizuizi kamili, na bila kuondolewa na Askofu ndoa hiyo ni batili hata kama kanisa lilijaa. Ibada yao kwa kawaida hufanyika bila Misa. Binamu wa kwanza nao wana kizuizi, hata kama kabila lao linaruhusu.

Mjane alete cheti cha kifo cha mwenzi wake. Aliyewahi kufunga ndoa kanisani na wakaachana, talaka ya mahakama ya serikali haimfungulii mlango. Ni lazima Mahakama ya Kanisa ichunguze na itamke kama ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo, na hilo halina tarehe ya kuahidiwa. Usilipie ukumbi. Na mwenye mtoto aliyempata na mtu mwingine aseme. Kanuni ya 1071 inataka ruhusa ya Askofu pale mtu anapokuwa na wajibu wa malezi kutokana na mahusiano ya nyuma, ili ijulikane kwamba mtoto yule hatatupwa kwa sababu ya harusi.

Mafundisho ya ndoa hutofautiana kwa parokia. Kwingine ni Jumamosi kadhaa, kwingine semina ya siku mfululizo. Uliza ratiba siku ile ile ya kujisajili, kwa maana darasa likishaanza huenda mkangoja lijalo. Mtafundishwa sakramenti yenyewe, haki na wajibu, fedha za nyumbani, wakwe, na upangaji uzazi kwa njia ya asili, ikiwemo ile ya kuchunguza ute. Hii ya mwisho ndiyo watu huisikiliza nusu nusu, na ndiyo inayohitaji mazoezi ya miezi kadhaa ya kuandika kila siku kabla bibi harusi hajausoma mwili wake vizuri. Anayesubiri mpaka wiki ya harusi hana cha kuandika. Mhudhurie wote wawili. Kutumana ni kosa, na cheti cha semina hutolewa kwa waliokuwepo.

Kisha matangazo. Majina yenu, ya wazazi wenu na mnakotoka husomwa Jumapili tatu, tangazo la kwanza, la pili na la tatu, parokiani kwa bwana harusi na parokiani kwa bibi harusi. Mwumini anayejua kizuizi anapaswa kumweleza paroko kabla ya siku ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo ratiba ya Kanisa na ya nchi zinakutana hapo. Kosa la mara kwa mara ni parokia moja kutangaza na nyingine kutokuwa na habari, kwa kuwa barua ilibaki kwenye mkoba wa mchumba. Ipelekeni siku hiyo hiyo, mkasikilize kwa masikio yenu, na barua ya kuthibitisha kwamba matangazo yamekamilika bila pingamizi irudi kwa paroko atakayefungisha. Anzeni wiki sita au saba kabla ya harusi ili pakitokea swali, pabaki muda wa kulijibu.

Kuhusu tarehe, shikeni kalenda ya liturujia mkononi. Parokia nyingi hazifungishi ndoa za sherehe wakati wa Kwaresima na Majilio. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu hakuna ndoa kabisa. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni Februari 10 na Pasaka ni Machi 28, kwa hiyo Jumamosi za Aprili na Mei zitagombewa. Desemba nayo ina mtego: Majilio huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kwenda hadi Krismasi, halafu baada ya Krismasi nusu ya ukoo iko Moshi au Bukoba. Jumamosi si amri ya Mungu. Ndoa ya Alhamisi asubuhi ni ndoa ile ile, na kanisa lina utulivu. Mkichagua Jumamosi, ulizeni kama siku hiyo kuna maarusi wengine, maana parokia kubwa za Dar hufungisha jozi tatu au nne katika Misa moja. Kamati ijue mapema, vinginevyo ugomvi wa viti na wapiga picha utaanzia mlangoni.

Hapa niseme jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mkimleta padre wenu, tuseme mjomba anayefanya kazi jimbo jingine, yeye peke yake hana mamlaka ya kufungisha ndoa katika parokia isiyo yake. Paroko wa mahali lazima amkasimu mamlaka hayo, kwa jina, kwa ndoa hiyo. Akisahau kuomba, na akafungisha, ndoa hiyo inaweza kuwa batili, licha ya Misa nzuri na machozi ya furaha. Ombeni hilo kwa maandishi na liwekwe kwenye faili lenu. Sheria ya nchi nayo inataka anayefungisha awe na leseni, kwa hiyo ulizeni yote mawili pamoja.

Wasimamizi. Sheria ya Kanisa inahitaji mashahidi wawili wanaoelewa kinachofanyika. Parokia nyingi huongeza kwamba wawe mume na mke wenye ndoa takatifu, na wataombwa nakala ya cheti chao. Ongezo hilo ni jema. Msimamizi ni mtu mtakayempigia simu mwaka wa tatu mkigombana saa tano usiku. Anayechaguliwa kwa sababu gari lake ni zuri hatapokea.

Wiki ya harusi fanyeni mazoezi kanisani pamoja na wasimamizi, na mwende kitubio kabla ya Jumamosi yenyewe, sio sakristia dakika kumi kabla ya Misa huku shela linashonwa. Masomo chagueni na padre: Mwanzo 2, Tobiti 8, barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 13, Injili ya arusi ya Kana. Wasomaji wapewe mapema, na wawe watu wanaosoma kweli, sio shangazi anayepewa heshima bila miwani. Kwaya ipewe orodha ya nyimbo ikiwa na baraka ya paroko. Nyimbo za ukumbini zina ukumbi wake. Mabega na kifua cha bibi harusi na wapambe wake vifunikwe, mwambieni fundi kabla hajakata kitambaa. Mpiga picha akutane na padre na aelezwe mahali asipovuka.

Saa. Misa ya saa nane inaanza saa nane. Saluni iko Sinza, kanisa liko Mbagala, na katikati kuna foleni ya Jumamosi. Ratiba ya bibi harusi ipangwe kurudi nyuma: awe viwanja vya kanisa saa saba na nusu, kwa hiyo aondoke saluni saa tano na nusu, kwa hiyo akae kwenye kiti cha kusukwa alfajiri. Ukichelewa dakika arobaini, kinachopunguzwa ni mahubiri na nyimbo, yaani sehemu ile mliyoiandaa kwa ajili ya roho. Pete, vyeti na vitambulisho viwe kwa msimamizi mmoja anayefika kanisani wa kwanza.

Wakati wa kiapo mtashikana mikono ya kuume. Padre atakuwa ameshawauliza kuhusu hiari, uaminifu na watoto. Kila mmoja anatamka ahadi yake, na hapa sauti ndogo ni tatizo la kweli: padre anaomba na kupokea ridhaa yenu kwa niaba ya Kanisa, na mashahidi wanapaswa kuisikia. Wengi hunong'ona wakitazama kapeti. Kariri maneno yako, mtazame mwenzako, na mikrofoni iwe karibu. Ridhaa hiyo ndiyo ndoa. Pete ni alama. Ikisahaulika nyumbani, ndoa inafungwa bila yenyewe.

Lakini pete isiyoingia huharibu utulivu, na Dar inajulikana kwa hilo. Mwezi wa Januari, ndani ya kanisa lililojaa, baada ya saa nzima ndani ya suti, vidole huvimba. Pete iliyopimwa dukani asubuhi penye kiyoyozi hukwama kwenye kifundo. Pimeni mchana wa joto, baada ya kutembea. Ikikwama siku yenyewe usiisukume moja kwa moja. Mwenye kidole akikunje kidogo, wewe uizungushe taratibu huku ukivuta ngozi ya nyuma ya kifundo kurudi mkononi. Itapita.

Kuna wanaosoma haya wakiwa na watoto wawili na miaka sita ya kukaa pamoja, wanaoitwa uchumba sugu, wakiona aibu kuanza. Njia yenu ni fupi kuliko mnavyodhani. Karatasi ni zile zile, mahojiano ni yale yale, na paroko anaweza kuwafungisha katika Misa ya asubuhi ya katikati ya wiki, mkiwa na mashahidi wawili na watoto wenu benchi la mbele. Kitchen party, sendofu, ukumbi na mshereheshaji, hakuna hata kimoja kinachotajwa katika sheria za Kanisa. Waliofunga bomani pekee nao, kama mmoja ni Mkatoliki, waende wakiwa na cheti chao cha serikali.

Baada ya Misa mtatia sahihi pamoja na mashahidi na padre. Kabla ya kuweka kalamu chini someni kila herufi: majina, tarehe za kuzaliwa, tarehe ya leo. Kosa linalorekebishwa kwa dakika moja hapo mezani litawachukua wiki baadaye RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ulizeni pia ni lini cheti cha serikali kitakabidhiwa na nani anapeleka nakala, na mtajeni mtu mmoja wa kufuatilia mkiwa fungate.

Bado kuna barua moja. Parokia iliyofungisha inatakiwa kutuma taarifa kwenye parokia mlizobatizwa, ili ndoa yenu iandikwe pale pembeni mwa Kitabu cha Ubatizo. Barua hizi hupotea njiani, au husahaulika ofisini Jumatatu ya harusi nyingi. Baada ya mwezi, ulizeni kama imetumwa. Na mkienda kijijini Krismasi, piteni ofisi ya parokia, mtaje namba ya LB, mwombe kitabu kifunguliwe, mwone kama pembeni mwa jina lako pameandikwa jina la mwenzako na tarehe.